Kabla Mtoto Hajaitwa Mhalifu



Tarehe 14 Desemba 1990, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha maazimio mawili yaliyowahusu watoto. Moja, namba 45/113, liliwahusu watoto walionyimwa uhuru, yaani wale ambao milango imekwisha kufungwa nyuma yao. Lililolitangulia, namba 45/112, liliwahusu watoto ambao hawajafika huko, na lilitaka wasifike. Hilo ndilo linaloitwa Miongozo ya Riyadh, kwa kuwa wataalamu waliijadili rasimu yake katika mji huo wa Saudia mwaka 1988. Kabla yake, mwaka 1985, zilikuwa zimepitishwa Kanuni za Beijing kuhusu mtoto aliyekwisha kufikishwa mahakamani. Wako watakaotabasamu wasikiapo majina ya miji hiyo, maana haisifiki kwa upole wa mahakama zake. Lakini tukianza kuyakataa maneno mema kwa sababu ya mahali yalikoandikwa, hatutabakiwa na mengi ya kusoma.

Miongozo hiyo ina aya 66, nayo si mkataba unaozibana serikali kisheria. Pengine ndiyo sababu waamini wengi hawajapata kuisikia, ilhali Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kiti Kitakatifu kiliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, hutajwa mara kwa mara hata mashuleni. Sehemu yake kubwa huzungumzia familia, shule, jumuiya na vyombo vya habari. Polisi na mahakama huwekwa mwisho, kama njia ya kukimbiliwa pale nyingine zinaposhindikana.

Tungependa tukae kidogo kwenye aya ya 5, maana humo mna mambo mawili ambayo mzazi hupata taabu kuyakubali. La kwanza ni kwamba mwenendo wa kijana usiofuata desturi za jamii mara nyingi ni sehemu ya kukua kwake, na kwa wengi huisha wenyewe wanapofikia utu uzima. La pili ni kwamba kumbandika kijana jina la mpotovu au mhalifu mara nyingi huchangia kumfanya awe hivyo kweli. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miongozo inaongeza, kwa lugha yake ya kiofisi, kwamba mtoto umwitavyo ndivyo akuavyo pia.

Mama Kanisa naye hakulifahamu jambo hili kwa siku moja. Mwaka 1703 Papa Klementi XI aliagiza ijengwe huko Roma, kando ya mto Tiber, nyumba ya kuwarekebisha wavulana, iliyojulikana kwa jina la San Michele. Hadi wakati huo wavulana walifungwa pamoja na wakosaji wazima, wakatoka gerezani wabaya kuliko walivyoingia. Hapo kila mmoja alipewa chumba chake, akafundishwa dini na kazi ya kusokota sufu. Maandishi ya Kilatini yaliyowekwa humo yalisema kwamba haitoshi kuwazuia waovu kwa adhabu pasipo kuwafanya wema kwa malezi. John Howard, Mwingereza na Mprotestanti aliyezunguka Ulaya akikagua magereza katika karne hiyo ya 18, aliyavutiwa mno maneno hayo. Hata hivyo, chini ya maandishi hayo mazuri, wavulana walifanya kazi wakiwa na minyororo miguuni. Tena nyumba ile iliwapokea hata wana ambao kosa lao lilikuwa kutowatii wazazi. Aya ya 56 ya Miongozo ya Riyadh inakataza jambo la namna hiyo: tendo ambalo si kosa kwa mtu mzima lisifanywe kosa kwa sababu tu aliyelitenda ni kijana.

Aliyeitoa minyororo katika wazo hilo ni padre kijana wa Torino. Yohane Bosco, aliyefiwa na baba yake kabla hajatimiza umri wa miaka 2, alipewa daraja la upadre mwezi Juni 1841. Padre Yosefu Cafasso alimchukua akawatembelee wafungwa. Huko aliwaona wavulana wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wakikaa bure. Kilichomsumbua zaidi ni kuona wengine wakitoka na nia njema, kisha wakirudi baada ya muda mfupi. Alipochunguza aligundua kwamba huko nje hawakuwa na mtu. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, mtunza sakristia mmoja alimfukuza kwa fimbo kijana aliyeingia kanisani bila kujua kutumikia Misa. Padre Bosco akaamuru aitwe tena, akisema kwamba huyo ni rafiki yake. Alikuwa Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, mfanyakazi wa ujenzi.

Tunaposimulia habari za mtakatifu huyu huwa tunaishia kwenye michezo na nyimbo, tukasahau karatasi. Mwaka 1852 alisimamia mkataba wa kijana aliyekuwa akijifunza useremala: fundi mkuu aliahidi kumrekebisha kwa maneno na si kwa mkono, kutomtuma kazi zisizohusu ufundi, na kumwachia siku za sikukuu. Mkataba huo, kwa maoni yetu, ni kuzuia uhalifu kwa maana kamili, miaka 138 kabla ya Azimio 45/112. Mwaka 1877 ndipo alipoiandikia njia yake maelezo mafupi, akiitofautisha na ile ya kungoja kosa litendeke ili liadhibiwe.

Haki inatulazimu kusema pia kwamba wengi waliomheshimu altareni hawakumfuata. Mwaka 2009 tume iliyoongozwa na Jaji Sean Ryan nchini Ireland ilitoa taarifa juu ya shule za maadilisho na za ufundi zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa. Watoto wengi walipelekwa huko kwa sababu ya umaskini au utoro, na humo walipigwa, wakadhalilishwa, hata kunajisiwa. Miongozo inaposema kwamba kumweka mtoto katika taasisi kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo, sisi wenye joho tunapaswa kuisoma aya hiyo mara mbili.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilianzisha Mahakama ya Watoto na kukataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Shule ya Maadilisho Irambo, iliyoko Mbeya, hupokea wale ambao mahakama imeona hawana budi kuondolewa nyumbani. Lakini sheria hufanya kazi baada ya kosa. Mwanzoni mwa mwaka 2015, Dar es Salaam ilipoingiwa na hofu ya makundi yaliyoitwa Panya Road, mamia ya vijana walikamatwa. Waliojeruhiwa na kuporwa walikuwa watu halisi, na kilio chao kilikuwa cha haki. Ila kijana aliyekutwa kijiweni usiku ule, akakamatwa na kuachiwa bila kosa, alirudi mtaani na jina la panya.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, katika mkutano wa juma hili, waangalie ni vijana wangapi wa mtaa wao wameacha shule na hawana fundi wa kuwafundisha kazi. Watuletee majina yao, yale waliyobatizwa nayo. Mafundi seremala, waashi na washonaji walio miongoni mwetu, ambao wako tayari kumpokea hata mmoja, wafike ofisini kwa Katekista. Masharti tutayaandika, likiwamo lile la maneno na si mkono.