Gari la Mzigo na Muziki Wake

Pikapu na spika ni marika. Tarehe 15 Aprili 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari la Model T lenye bodi la mizigo nyuma, pikapu yake ya kwanza iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, kwa dola 281. Mwaka huohuo wahandisi wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo ya spika yenye koili inayocheza katikati ya sumaku na kuisukuma koni ya karatasi. Spika ninazozitoa leo kwenye milango ya magari hapa Stockholm bado zinafuata kanuni yao. Lakini marika hawa walichelewa sana kukutana, na waliowakutanisha kwa heshima hawakuwa watu wa viwanda. Walikuwa mafundi wa mitaani, makondakta, na vijana wa mashambani.

Ilipofika mwaka 1930, Paul Galvin na ndugu yake Joseph wa Chicago walitengeneza redio ya gari waliyoipa jina la Motorola. Iligharimu zaidi ya dola 100. Nani angelipa zaidi ya theluthi ya bei ya ile pikapu ya Ford ili dereva apate muziki akipeleka samadi shambani? Redio ikaenda kwenye magari ya matajiri. Pikapu ikabaki na mngurumo wake, na hata ilipoanza kuwekewa redio, ilipewa spika moja ndogo ndani ya dashibodi, ikitazama kioo cha mbele.

Fikra hiyo haijafa. Fungua mlango wa pikapu nyingi za kazi za leo, utakuta koni ya karatasi nyepesi, sumaku isiyojaza kiganja, na fremu ya plastiki. Siwalaumu waliozichagua. Spika hiyo inatosha kwa taarifa ya habari na kwa sauti ya simu. Ila gari likishapewa kazi nyingine, likawa mahali pa watu kukaa na kusikiliza, spika hiyo huzidiwa. Kwa maoni yangu historia yote ya kubadilisha spika za pikapu imo humo: watu waliligeuza gari la mzigo kuwa la watu, na muziki ukafuata.

Naishi Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni namba 19 ya chini ya ardhi, kusini mwa Stockholm. Reli ilifika hapa tarehe 1 Desemba 1960, na mtaa ulijengwa kuizunguka: maduka penye kituo, nyumba za ghorofa chache, kisha msitu. Karakana ninayofanyia kazi iko kwenye eneo la viwanda la Högdalen, vituo viwili kabla ya kwetu. Kazi hii nilijifunza Tanga, Ngamiani, kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi redio, kwa hiyo nimeziona historia mbili za gari la mzigo, na zinafanana kuliko wenyeji wa kila upande wanavyodhani.

Ya huku ilianza kwa ufukara. Miaka ya 1930 wakulima wengi wa Sweden hawakuweza kununua trekta. Walichukua gari kuukuu, wakalikata nyuma, wakaliwekea bodi dogo, wakalilimia. Watu wakaliita trekta la EPA, kwa jina la maduka ya bei rahisi yaliyoanzishwa mwaka 1930. Vita vilipoanza, serikali iliyahitaji mashamba ya wakulima hao, na mwaka 1940 ikayawekea magari hayo kanuni. Baadaye wakulima walipata matrekta ya kweli. Hapo vijana wa vijijini wakagundua kwamba gari lile, mbele ya sheria, ni trekta, na trekta linaweza kuendeshwa na mtu asiyefikisha umri wa leseni ya gari. Mwaka 1975 kanuni mpya zikaleta jina la A-traktor. Leo kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kuliendesha, mwisho kilomita 30 kwa saa, na nyuma libandikwe pembetatu nyekundu ya magari ya mwendo wa polepole.

Fikiria maana ya kilomita 30 kwa saa kwa mtu wa muziki. Kwenye barabara kuu, upepo na matairi humeza besi yote, ndiyo maana gari la kawaida huhitaji nguvu nyingi ili tu kushindana na barabara. Kwa mwendo wa A-traktor kelele hizo karibu hazipo. Safari ya dakika kumi inakuwa nusu saa, na hakuna pa kuharakia. Gari linakuwa sebule ya vijana ambao kijijini kwao basi hupita kwa nadra. Wakafunga masabufa makubwa nyuma ya viti, spika juu ya paa na ndani ya bodi, na ukazaliwa mpaka muziki wa dansi wa kuchezwa humo. Mwaka 2020 sheria iliruhusu mwendo udhibitiwe kwa njia za elektroniki, magari ya kisasa yakawa rahisi kugeuzwa, na idadi yao ikapanda kwa kasi. Mwaka 2023 serikali iliongeza masharti, likiwemo la kufunga mikanda. Hapa Hagsätra ni machache, maana treni inatutosha, lakini jioni za Mei nayasikia yakipita Huddingevägen kabla sijayaona.

Sasa twende nyumbani. Kenya, miaka ya 1960 na 1970, matatu nyingi zilikuwa pikapu zilizofunikwa nyuma na kuwekwa mabenchi. Peugeot 404 ilibeba watu mpaka bodi likagusa ekseli. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye biashara bila leseni maalumu. Dar es Salaam tulikuwa na chai maharage, gari la mzigo lenye mabenchi, abiria wakitazamana magoti kwa magoti, na mwaka 1983 serikali ikakubali mabasi ya watu binafsi kwa sababu yale ya UDA, shirika la usafiri la umma, hayakutosha. Uhaba ulitangulia, watu wakatengeneza, sheria ikaja nyuma ikihema. Mkulima wa Sweden mwaka 1940 na mwenye pikapu wa Nairobi wangeelewana bila mkalimani.

Muziki uliingia kupitia kaseti. Philips walikuwa wameitoa mwaka 1963, na kwa mtu wa pwani kaseti ilikuwa ukombozi, maana redio ilikuwa ya serikali peke yake na televisheni haikufika Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Wenye magari walitaka bendi za dansi kama Mlimani Park na Maquis, walitaka taarabu siku za harusi. Spika ya kiwandani iliyokuwa kwenye dashibodi haikusikika hata kwa abiria wa kwanza. Basi fundi alichukua spika za nyumbani, akazitengenezea kasha la mbao, akalisukuma chini ya benchi.

Kasoro ya mpango huo mjomba aliijua vizuri. Spika ya nyumbani mara nyingi ni ya omu 8, ya gari ni ya omu 4. Deki ya gari ikiunganishwa na omu 8 hutoa karibu nusu tu ya nguvu yake. Dereva huongeza sauti hadi mwisho, deki inaanza kukata mawimbi, na koili inaungua. Mjomba alikuwa akiniambia, "Mwanangu, spika haiuawi na nguvu nyingi, inauawa na nguvu chafu." Nimekutana na vitabu vinavyosema hivyo kwa kurasa nzima, lakini yeye aliyajua kwa kunusa. Harufu ya vanishi ya koili iliyoungua haisahauliki.

Spika mpya ilikuwa adimu, kwa hiyo tulifufua. Unalainisha gundi ya zamani, unaichomoa koni, unaondoa waya ulioungua, unahesabu mizunguko, unasuka upya kwa waya uleule wa shaba wenye vanishi, unene uleule. Koni iliyopasuka inazibwa kwa karatasi laini na gundi iliyozimuliwa, tabaka jembamba, kwa sababu uzito ukizidi sauti za juu zinakufa. Kisha unaisukuma koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili na kutega sikio: ikikwaruza, koili haikukaa katikati, anza upya. Hapa Sweden spika iliyopasuka hutupwa. Naelewa, saa moja ya fundi ni ghali kuliko spika mpya. Hata hivyo ujuzi ule naupenda, na inaniuma kuona hauna wa kuurithi.

Magari yaliyotumika ya Japani yalipofurika Dar na Mombasa yalileta kisa chake. Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, kuanzia 76 hadi 90, na kwetu stesheni ziko kati ya 88 na 108. Mtu ananunua Hilux safi, anawasha redio, anapata stesheni moja au mbili. Akija kwa fundi kubadilishiwa redio, anaona wenzake wanawekewa na spika, naye anaomba. Wateja wengi sana wa spika waliletwa na redio isiyoshika.

Nilipofika Sweden nilidhani nitakuta watu wa kuniambia nguzo ya kazi hii ni wati. Nikakuta habari za Stig Carlsson. Bwana huyu, aliyezaliwa mwaka 1925 kama pikapu yenyewe, alisanifu spika za Sonab, kampuni iliyokuwa mali ya serikali. Spika yake ya OA-5 ya miaka ya 1960 ilitazama juu badala ya mbele. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna mtu anayesikiliza spika peke yake. Anasikiliza spika pamoja na chumba, kuta na dari, na msanifu asiyehesabu kuta hajamaliza kazi. Sijui hoja inayoifaa pikapu kuliko hiyo. Kabini ni chumba kidogo chenye vioo pande zote, dereva kakaa karibu na mlango mmoja na mbali na mwingine, na nyuma ya kiti chake kuna bati tupu.

Kwa hiyo nafanya hivi. Kabla ya kugusa spika nautengeneza mlango, maana mlango ndio kasha la spika. Nalibandikia bati la nje mkeka mzito wa lami ili lisivume, naziba matundu makubwa ya bati la ndani, kisha naweka pete imara ambayo spika itafungwa juu yake. Ile plastiki ya kuzuia maji iliyo nyuma ya kava la mlango siitupi kamwe. Tanga chumvi ya bahari ilikula miguu ya spika. Stockholm chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu inafanya kazi hiyohiyo. Kama kuna amplifaya, waya wake unatoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi inakaa shubiri moja au mbili tu kutoka hapo, ili waya ukichubuka gari lisiwake moto. Asubuhi za baridi kali, mpira unaoizunguka koni huwa mgumu na betri imepungukiwa nguvu. Namwambia mteja aanze kwa sauti ya chini mpaka kabini ipate joto.

Na wati? Deki nyingi zimeandikwa wati 50 mara nne. Umeme wa gari injini ikiwa inaunguruma ni kama volti 14.4. Kwa spika ya omu 4, hesabu haikubali zaidi ya wati 26 za sauti safi, na kwa kweli hupatikana chini ya hapo. Tarakimu ya kwenye boksi ni ya kuuzia.

Mteja niliyemfurahia zaidi mwaka huu ni seremala kutoka Bukavu, jirani yangu wa Hagsätra, mwenye Hilux ya kazi. Alikuja na lalamiko ambalo fundi huomba alisikie. "Fundi," alisema, "ngoma nasikia, mwimbaji nasikia. Gitaa la katikati limekwenda wapi?" Alimaanisha mi-solo, gitaa linalopita kati ya ridhimu na solo katika rumba ya Kongo. Sabufa kubwa ingelizika kabisa. Nilimfungia spika za sentimita 16.5 milangoni, twita, zile spika ndogo za sauti za juu, chini ya nguzo za kioo zikigeuzwa kumtazama yeye, na amplifaya ndogo chini ya kiti, kwa kuwa nyuma ya kiti anaweka misumeno. Muziki anaupeleka kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, teknolojia iliyoanzishwa na Ericsson mjini Lund mwaka 1994.

Redio yake ya kiwandani sikuiondoa. Katika pikapu za siku hizi skrini ya redio hiyohiyo inashika kamera ya nyuma na mipangilio ya gari, ukiitoa umelipofusha gari. Nachukua mawimbi kwenye nyaya za spika, nayapitisha kwenye kifaa kinachosahihisha, kwa sababu redio nyingi hupunguza besi kwa makusudi kadiri unavyoongeza sauti, kuilinda ile koni ya karatasi. Lazima nipime kwa maikrofoni mahali kichwa cha dereva kinapokaa, nirekebishe, nipime tena. Kwenye kabini ya seremala kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kufunga spika zenyewe, na gitaa lilirudi tulipochelewesha kidogo sauti ya mlango wa kushoto, ulio karibu naye, ili imfikie pamoja na ile ya mlango wa kulia.