TISHETI ZA KUPRINTI KWA ODA: ZIJUE KABLA HUJAPOKEA HELA YA MTU



Kuna kipindi nilichukua oda ya tisheti 12 za timu ya ndondo huku Temeke. Zilipendeza kweli. Zilipofuliwa mara ya pili, namba zikaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Nikarudisha hela yote, mtaji kwishnei! Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

KUPRINTI KWA ODA NI NINI?
Huweki stoo. Mteja anachagua maneno au picha, anatoa advansi, ndiyo unaenda Kariakoo kununua tisheti tupu na kuipeleka kwa mwenye mashine. Unaweza kuanza bila mashine yako, ila lawama zote zinakuja kwako.

NJIA ZA KUPRINTI
1. Skrini: wino unasukumwa kupitia kitambaa kilichovutwa kwenye fremu. Kila rangi ina fremu yake, na kazi ya kuandaa fremu ni ile ile kwa tisheti 1 au 100. Ni nzuri kwa oda kubwa, kwa tisheti moja inakula kwako.
2. Vinili: plastiki yenye gundi inakatwa herufi, halafu inagandamizwa kwa joto. Inafaa majina na namba, siyo picha ya sura ya mtu.
3. Sablimesheni: wino unageuka mvuke kwenye joto la kama sentigredi 190 hadi 200 na kuingia ndani ya poliesta. Haubanduki, ndiyo maana jezi nyingi zinafanywa hivyo. Ila inataka poliesta ya rangi nyepesi. Kwenye pamba inachuja mapema.
4. DTF: picha inaprintiwa kwenye filamu, inawekwa unga wa gundi, halafu inagandamizwa. Inakubali pamba, poliesta, hata tisheti nyeusi, na inalipa hata kwa moja. Ubaya wake, picha kubwa kifuani inakuwa kama mpira, na kwa joto la Dar utalowa jasho.

JINSI YA KUKAGUA
- Uzito: kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Chini ya 140 ni nyepesi, 160 hadi 180 ni ya kawaida, 200 kwenda juu ni nzito. Kama huna mzani, ingiza mkono ndani ya tisheti nyeupe. Ukiona vidole vizuri, iache.
- Pamba au poliesta? Choma kipande cha uzi uliozidi. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu.
- Printi: ikishapoa, vuta kitambaa kidogo. Ikipasuka au kuinuka pembeni, joto au muda havikutosha.
- Fua moja kwanza, zaidi ya mara moja, kabla ya kuprinti zote. Hapa ndipo mimi nilipofeli.

PICHA YA MTEJA
Picha ya upana wa sentimita 30 inataka kama piseli 3,500 kwa upana ili itoke safi. Picha ikitumwa WhatsApp kawaida inapunguzwa ubora, mwambie aitume kama dokumenti.

HESABU
Namba hizi ni za mfano tu. Tisheti 8,000, kuprinti 5,000, nauli 2,000, jumla 15,000. Ukiuza 18,000 unabaki na 3,000. Ukiharibu moja unatoa tena 13,000, yaani faida ya tisheti zaidi ya nne imeyeyuka! Kwa hiyo kusanya oda kadhaa uende safari moja, na advansi ifike angalau gharama ya tisheti na printi.

USICHEZE NA NEMBO ZA WATU
Nembo za Simba, Yanga au kampuni yoyote zina mwenyewe. Michoro na picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ofisi husika ni COSOTA. Bidhaa bandia zinafuatiliwa na Tume ya Ushindani (FCC). Tunga maneno yako, misemo ya mtaani kwetu haiishi.

Mwisho, mwambie mteja afue tisheti ikiwa imegeuzwa ndani nje, na asipitishe pasi juu ya printi.

Mdau mwenye uzoefu, wa Mbagala, Manzese au popote, aongezee hapo chini. Usione haya kusema hata ulipopigwa, ndiyo tunavyofundishana.