Kiasi: Istilahi ya Mlenga Shabaha kwa Gobore

Gobore ni bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti hutangulia, risasi hufuata, mdeki hushindilia, fataki huwekwa mwisho. Walenga shabaha wa Ulaya na Marekani wana jina moja la vyote vinavyoingia kwa mlio mmoja. Kwa Kiswahili, tukisema "risasi" tumetaja kinachoruka tu. Tukisema "baruti" tumetaja kinachoungua tu. Neno linalofaa tunalo tangu zamani: kiasi. Liliitwa hivyo fungu la baruti lililopimwa kwa mlio mmoja, na ile maana ya kipimo ndiyo roho ya mchezo huu.

Tuchukue gobore lenye tundu la inchi 0.50 na mifuo inayozunguka ndani ya mtutu. Risasi yake ya duara huwa na kipenyo cha inchi 0.490 hivi na uzito wa takriban gramu 11.5. Nafasi inayobaki huzibwa na kiraka cha pamba kilichopakwa mafuta, ambacho hung'ang'ania mifuo na kuizungusha risasi. Mlengaji hutumia baruti nyeusi tu, kwani ile ya kisasa isiyo na moshi inaweza kupasua mtutu. Huanza na kidogo, hupiga risasi kadhaa kwenye karatasi, kisha huongeza kama gramu 0.3 kila hatua, bila kuvuka ukomo uliowekwa na mtengenezaji. Baada ya kila mlio hufuta masizi kwa kitambaa chenye unyevu, ili risasi inayofuata ikute mtutu katika hali ileile.

Katika hatua hii hatafuti kitovu. Anatazama matundu yamekaribiana vipi. Matano yaliyobanana pembeni ni habari njema kuliko matano yaliyotawanyika kukizunguka kitovu. Huokota pia viraka vilivyoanguka mita chache mbele. Chenye doa jeusi katikati na nyuzi nzima kimefanya kazi yake. Kilichochanika au kuungua huonyesha kwamba kitambaa ni chembamba mno, mafuta hayatoshi, au kingo za mifuo zinakata.

Hapo ndipo zamu ya kilengeo inapofika. Kilengeo cha nyuma kikisogezwa kulia, tundu huhamia kulia. Cha mbele hufanya kinyume: kikipunguzwa kimo kwa tupa, risasi hupanda. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi, ndiyo sababu kiasi hutangulia.

Julai 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha kwa bunduki ya Joseph Whitworth, iliyojazwa kwa mdomo na yenye mtutu wa pembe sita ndani. Ilikuwa imefungwa kwenye tegemeo na kulengwa mapema. Malkia alivuta kamba tu, na risasi ikapiga karibu kabisa na kitovu, umbali wa yadi 400. Sifa ya mlio ule ni ya waliokwisha kupatanisha kiasi na kilengeo.

Basi tukiingize neno hili kamusini hivi: kiasi ni jumla ya baruti, kiraka, risasi na fataki vilivyochaguliwa kwa mtutu mmoja mahususi. Kimoja kikibadilishwa, hicho ni kiasi kingine, na kilengeo hakina budi kupimwa upya.