Kikolezo

Mwalimu wa biolojia wa Kitale au Bungoma akitafuta neno la kile kipande cha DNA kinachozidisha kazi ya jeni, haraka atashika "kichocheo". Neno hilo limeshalemewa na homoni na vimeng'enya. Napendekeza "kikolezo": Waswahili hukoleza moto uliokwisha kuwashwa, hukoleza pia chakula kwa chumvi.

Kwa mfano, jeni ya albumini imo hata katika seli za ngozi, lakini ini ndilo huitumia hasa, kutengeneza protini ya damu. Sababu ni kwamba katika ini zimo kwa wingi protini zinazokishika kikolezo cha jeni hiyo, nacho hufanya kazi hata kikiwa mbali na jeni, kwa kuwa DNA hujikunja vikakutana.