Mbio za Baiskeli za Kimataifa Zilikuwa za Nani?

Nimekulia Kigwena, kando ya barabara ya Rumonge kwenda Nyanza-Lac. Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi kwanza, mchezo baadaye: inabeba madumu ya mawese na mikungu ya ndizi. Mjomba wangu ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha za zamani za Tour de France. Akaniuliza: “Hawa wote waliitwa mashujaa wa dunia. Sisi walitushindia wapi?” Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Tour de France ilianza mwaka 1903. Hadi mwaka 1985 kila mshindi wake alikuwa mtu wa Ulaya. Greg LeMond wa Marekani ndiye aliyevunja mwiko huo mwaka 1986. Ubingwa wa dunia wa waendeshaji wa kulipwa nao ulianza Ujerumani mwaka 1927. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wazungu walicheza kwao, wakatunzwa, kisha wakauita mchezo huo wa dunia nzima.

Je, Afrika haikuwa na miguu? Historia inakataa. Huko Eritrea, Waitalia waliwatenga wenyeji katika mbio zao. Walipokubali kushindana nao mwaka 1939, Ghebremariam Ghebru aliwashinda. Lakini ushindi huo haukumfungulia mtu mlango wa Ulaya. Mabingwa wa Ulaya ndio waliokuja Afrika, tena kama wageni wa heshima. Desemba 1959 Fausto Coppi, aliyeshinda Tour mara 2, alialikwa Upper Volta, leo Burkina Faso, kwa mbio na uwindaji. Alirudi Italia na malaria, akafariki tarehe 2 Januari 1960.

Kwa maoni yangu, tatizo lilikuwa mwaliko, pesa na vifaa. Mfano wa Kolombia unathibitisha hoja hii. Mwaka 1983 Tour ilifungua mlango kwa timu za ridhaa, na Wakolombia wakaja. Mwaka uliofuata, Luis Herrera alishinda hatua ya Alpe d'Huez, mlima unaoogopwa na wengi. Hakuota miguu mipya mwaka huo. Alipata nafasi tu.

Kwetu mlango ulichelewa zaidi. Tour du Rwanda, iliyoanza mwaka 1988, iliingia kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa, UCI, mwaka 2009. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya mfalme wa milima katika Tour de France. Mwaka 2024 ndugu yake wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda hatua 3 na jezi ya kijani. Hatimaye, Septemba 2025, ubingwa wa dunia ulifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu.

Kwa kumalizia, nilimjibu mjomba kwamba hawakutushinda popote, kwa sababu hatukuwa kwenye mstari wa kuanzia. Alinyamaza kidogo huku akikaza kamba ya madumu yake. Kisha akauliza: “Na hiyo baiskeli yao moja, inauzwa pesa ngapi?” Nilipomtajia bei, alicheka, akapanda yake akaenda sokoni. Swali lake la pili, basi, bado halijawa historia.