Mchana Ni wa Nani? Historia Fupi ya Moja Baridi Saa Saba

Sheria ya Kenya haina kigugumizi kuhusu saa. Siku ya kazi, baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Wikendi na sikukuu, mlango unafunguliwa saa nane mchana. Ratiba hii tulipewa mwaka 2010 kupitia Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo mpaka leo watu wanaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, aliyeipeleka bungeni. Kwa hivyo mtu akikuuliza kama ni sawa kushusha moja baridi wakati wa lanchi siku ya Jumanne, jibu fupi ni: baa imefungwa, rudi jioni.

Sasa chungulia ndani ya hoteli kubwa ya katikati ya Nairobi saa saba ya Jumanne hiyo hiyo. Mezani kuna samaki, kachumbari, na glasi ya bia inayotoa jasho. Meneja anamkaribisha mteja, mkataba unajadiliwa, raundi ya pili inaagizwa. Kanjo hawaingii hapo, na si lazima wawe wamehongwa. Leseni ya hoteli si leseni ya baa, na klabu ya wanachama nayo ina yake. Huku nje, fundi wa mjengo akipatikana na chupa ile ile, iliyotoka kiwanda kile kile cha Ruaraka, ndani ya baa iliyofungwa nusu mlango, anaweza kumalizia lanchi yake kwenye lori la polisi.

Ukiifuata historia ya jambo hili utagundua kwamba waliotunga kanuni walikuwa wakibishania kitu kingine zaidi ya bia. Walikuwa wakiuliza mchana ni wa nani.

Kabla saa ya ukutani haijafika, pombe na kazi hazikuwa maadui. Kwa Wajaluo, mwenye shamba aliyetaka kulima eneo kubwa kuliko nguvu za boma lake aliita saga. Majirani walikuja na majembe, yeye akaandaa chakula na kong'o. Hakuna aliyeona kwamba pombe imeiba muda wa kazi, maana pombe ndiyo iliyokuwa shukrani na malipo. Ukiita watu na mtungi wako ni mkavu, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Lakini tusijidanganye kwamba babu zetu walikunywa ovyo. Kwa Wagikuyu, muratina, inayochachushwa kwa tunda la mti wenye jina hilo pamoja na asali au maji ya miwa, ilikuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na cha matambiko. Kijana aliyeshika pembe ya pombe mbele ya wazee alikuwa anatafuta shida. Kwa hivyo kanuni zilikuwepo, tena kali. Ila hazikuangalia saa. Ziliuliza wewe ni nani, umefanya nini, na nani amekupa.

Pwani, kwa Wamijikenda, saa yenyewe iko ndani ya kinywaji. Tembo la mnazi likitoka mtini ni tamu, karibu na maji ya sukari. Linaanza kuchacha hapo hapo kibuyuni, kufikia mchana lina nguvu, na likilala linaelekea kuwa siki. Mgema hawezi kuliambia lisubiri. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Halafu wakoloni wakaleta kazi ya mshahara, na pamoja nayo wakaleta muda unaohesabiwa. Ushahidi tunao katika lugha yetu. Neno kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi ili siku zake zihesabiwe. Kikaratasi kikawa jina la kazi, na kazi ikawa jina la mtu. Mtu ambaye jana alilima kwa jirani na kushukuriwa kwa kong'o, leo siku yake imenunuliwa. Akinywa mchana, anakunywa ndani ya muda wa mtu mwingine.

Mtu anaweza kudhani Waingereza walizaliwa na nidhamu hiyo. La hasha. Katikati ya miaka ya 1720, Benjamin Franklin, kijana Mmarekani ambaye baadaye angekuwa mmoja wa waasisi wa taifa lake, alifanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji London. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kuhusu mwenzake aliyekunywa bia kabla ya kifungua kinywa, kwenye kifungua kinywa, kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, kwenye chakula cha mchana, jioni kama saa kumi na mbili, na tena baada ya kazi. Painti sita kwa siku, kila siku ya kazi. Wachapishaji hao waliamini bia inawapa nguvu. Franklin alikunywa maji, akabeba mizigo mizito kuliko wao kwenye ngazi, na wakamwona kituko.

Kilichobadilisha mambo ni mashine. Mtu anayeshona viatu nyumbani kwake akisinzia mchana, viatu vitachelewa tu. Kiwandani, mmoja akisinzia mstari mzima unasimama, na pengine mkono wa mtu unakatika. Viwanda vikakua, na bia ya mchana ikaanza kuonekana kama hasara kwenye vitabu vya mwenye kiwanda.

Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Uingereza iliamua kwamba ulevi unachelewesha mabomu. David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa fedha na baadaye mwaka huo waziri wa silaha, aliitangaza pombe kuwa adui mkubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Hata Mfalme George V aliacha kunywa ili awe mfano. Ikaundwa bodi ya kudhibiti vileo, na katika maeneo ya viwanda baa zikapewa takriban saa tano na nusu tu kwa siku.

Unajua ni saa gani zilizobaki? Mchana na jioni. Baa ziliachwa wazi kuanzia saa sita hadi saa nane na nusu, kisha zikafungwa mpaka jioni. Yaani katikati ya vita, serikali iliyokuwa na hofu kubwa kuhusu pombe bado ilimwachia mfanyakazi bia yake ya lanchi. Walichofunga ni asubuhi na alasiri. Mapumziko ya alasiri yaliendelea katika sheria za Uingereza hadi mwaka 1988.

Mwaka huo huo wa 1915 walipiga marufuku kununuliana raundi. Kila mtu ajilipie. Amri hiyo ilikuwa na mwanya mmoja: ungeweza kumnunulia mwenzako kinywaji kama mnakula mlo pamoja hapo hapo. Kwa nani mwanya huo ulikuwa na maana? Kwa mwenye pesa ya kuagiza mlo mezani. Yule wa kusimama kaunta na ngumu mfukoni, sheria ilimkuta. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, meneja wetu na samaki wake wa Jumanne wanapita katika mwanya unaofanana sana na huo.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa na mji ndani ya mji. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904, Klabu ya Muthaiga ikafuata mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Masetla waliheshimu jini ya kabla ya lanchi kama ibada. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, wakishirikiana na H. A. Dowding, walianzisha kampuni iliyokuja kuwa Kenya Breweries, na bia ya kwanza ikapelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwinda, na bia ikapewa jina Tusker, kwa heshima ya pembe za yule mnyama.

Bia iliyopewa jina la ndovu wa Kenya haikuwa ya Mkenya mweusi. Kwa miaka mingi sheria ilimkataza Mwafrika bia ya chupa, na pombe kali ya Kizungu ilikuwa imefungwa kwake hata zaidi. Bia ya chupa iliruhusiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati askari waliokuwa wamekunywa nayo huko Burma walipokuwa wamerudi nyumbani. Aliyeipeleka bia mezani pa Stanley saa saba mchana alikuwa Mwafrika. Kuionja ilikuwa kosa.

Kazi hizo za mezani na nyingine zote zilimpa kiu, na serikali ilijua. Kwa hivyo Pumwani, mtaa uliojengwa ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, ukapata ukumbi wa pombe wa manispaa. Mfumo ulikopwa kutoka Durban, Afrika Kusini: baraza la mji linatengeneza pombe ya kienyeji lenyewe, linawauzia wafanyakazi, na faida inalipia huduma za hao hao wafanyakazi. Ulikunywa ukajijengea choo. Ili biashara hiyo isimame, akina mama waliokuwa wakipika pombe majumbani ilibidi wasakwe. Mama wa Pumwani na busaa yake, au wa Kibera na jini ya Kinubi, alipelekwa kortini kwa kutengeneza kitu ambacho baraza lilikuwa likiuza. Biashara yake ilikwenda na ratiba ya wateja: walinzi waliotoka zamu asubuhi, wapagazi waliopumzika mchana. Ukumbi wa manispaa ulikwenda na ratiba ya manispaa.

Uhuru ulipokuja, ratiba hazikuondoka na bendera. Mapema katika urais wake, Moi alizifunga klabu za busaa, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Pombe ya maskini ikaingia gizani, na gizani hakuna anayepima kilichomo kwenye debe. Mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao huko Mukuru, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walipofuka.

Haya ni lazima yasemwe, kwa sababu ni rahisi kumcheka Mututho. Sheria ya 2010 haikutoka hewani. Kuna vijiji, hasa Mkoa wa Kati wa zamani, ambapo vijana walikuwa kwenye baa saa tatu asubuhi, na wake na mama zao waliandamana barabarani kudai baa hizo zifungwe. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoondoa marufuku ya chang'aa, mradi iwe ya kiwandani, ya chupa na lebo. Kulikuwa na nia njema ndani yake.

Ila njia iliyochaguliwa ilikuwa saa, na saa ni kipimo kibovu cha ulevi. Muulize mgema wa Kilifi. Tembo la asubuhi likikaa hadi saa kumi na moja jioni limekuwa kinywaji kingine, kikali zaidi. Sheria iliyotaka watu wanywe kidogo ilimwambia mnywaji wa mnazi asubiri mpaka ulewe wenyewe. Muulize pia nesi wa zamu ya usiku au mlinzi anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Jioni ya huyo ni asubuhi yako. Kwake, baa inafunguliwa wakati anavaa sare.

Kipimo kingine tunacho, tena cha zamani kidogo kuliko Sheria ya Mututho. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta mtu papo hapo ikiwa, katika saa za kazi, amelewa kiasi cha kushindwa au kukataa kufanya kazi yake vizuri. Soma tena. Haisemi ukinywa. Haisemi saa ngapi. Inauliza: unaweza kazi yako? Mwajiri akitaka kuweka kanuni kali zaidi, aiandike, na yeye mwenyewe aifuate kwenye lanchi za wateja.

Swali hilo liko karibu na wazee wa muratina na wenye saga kuliko lilivyo karibu na manispaa ya Pumwani. Linamtazama mtu na kazi yake. Mwendesha kreni pale mjengoni asiguse hata moja, kwa sababu chini ya ndoana kuna watu. Meneja wa hotelini naye, kama atarudi ofisini akiendesha gari kwenye Waiyaki Way, asiguse, hata kama bia ilikuja na samaki. Mhariri aliyekunywa glasi moja na wali, na atakayeshinda alasiri akipambana na koma, tumpe nafasi.

Sisi wa maofisini tumezoea kuhukumu kwa harufu. Mtu akirudi lanchi na PK mbili mdomoni, minong'ono inaanza, na kama ni mwanamke minong'ono inakuwa mara mbili. Ni haki kuuliza. Lakini tuulize kuhusu kazi: ripoti imetoka? Mteja amehudumiwa? Kuna mtu amewekwa hatarini? Kama jibu linatosheleza kwa mtu wa ghorofa ya kumi, litosheleze pia kwa yule anayebeba mawe ya kuijenga ghorofa ya kumi na moja. Kama halimtoshelezi mbeba mawe, basi na huyo wa juu aweke glasi chini.