Hospitali za Kanisa katika Meza ya Halmashauri

Waasisi wa kazi ya Injili nchini hawakutenganisha mahubiri na tiba. Palipojengwa kanisa, haikuchukua miaka mingi kabla ya kujengwa zahanati, na baadhi ya zahanati hizo zilikua zikawa hospitali. Kwa muda mrefu gharama zilibebwa na sadaka, ada za wagonjwa na misaada ya vyama vya misioni. Jinsi huduma hiyo ilivyofungamana baadaye na fedha za umma ni habari isiyosimuliwa mara nyingi, ingawa bila fedha hizo wodi nyingi zingalifungwa.

Mahali ambapo wilaya haikuwa na hospitali yake, Serikali iliitambua ya Kanisa kuwa Hospitali Teule ya Wilaya. Nyakahanga huko Karagwe na Bunda mkoani Mara ni miongoni mwa hospitali za KKKT zilizopewa dhamana hiyo. Serikali ilitoa ruzuku ya vitanda na mishahara, Kanisa likabaki na umiliki. Waliokumbuka jinsi shule zilivyotwaliwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 walikuwa na hofu, wala haikuwa hofu ya bure. Hati ya Makubaliano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na Makanisa iliituliza kwa kiasi, na mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii.

Lakini hati si fedha mkononi. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa malipo. Hospitali Teule ilipaswa kuufuata msamaha huo, na ruzuku ilipochelewa, deni la dawa lilibaki kwake. Hakuna muuguzi aliyeweza kumrudisha nyumbani mama mwenye uchungu kwa kuwa hundi haijafika.

Tangu Mfuko wa Pamoja wa Afya ulipoanza kupeleka fedha wilayani, mwishoni mwa miaka ya 1990, mgawo ulipangwa ndani ya Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Hapo ndipo viongozi wengi wa Kanisa walipokosea. Waliandika barua wizarani, wakasubiri majibu, ilhali jambo lilikuwa likiamuliwa karibu nao, katika kikao cha Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake, kisha katika kamati na Baraza la Madiwani. Hospitali ambayo haikuwa na mtu katika maandalizi hayo ilikuta bajeti ya Julai imekwisha kufungwa.

Waliojifunza mapema walimtuma mganga mfawidhi pamoja na mhasibu, wakiwa na vitabu vya MTUHA vinavyoonyesha idadi ya waliojifungua, watoto waliolazwa na wagonjwa waliotibiwa bure. Takwimu hizo zilisema zaidi ya maombi. Diwani aliyekuwa msharika hakufaa kuombwa upendeleo. Kufanya hivyo kungeiaibisha hospitali na yeye mwenyewe. Halmashauri nayo ilidai kuona hesabu. Baadhi ya watumishi wa Kanisa walichukizwa, wakiona wanashukiwa, lakini maofisa walikuwa na haki: fedha ya mlipa kodi huulizwa ilikokwenda, hata ikiwa imetumika chini ya msalaba. Mahali ambapo vitabu vilifunguliwa kwa hiari, mazungumzo ya mwaka uliofuata yalikuwa mepesi.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja zilianza kuingia moja kwa moja katika akaunti za vituo, na sehemu ya usumbufu wa zamani ikaondoka. Mwaka 2018/19 Serikali ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri. Wananchi walizifurahia, na Kanisa halikuwa na sababu ya kuzipinga. Hata hivyo, penye hospitali mpya, swali la hadhi ya Hospitali Teule lilifufuka, pamoja na hatima ya waganga na wauguzi wanaolipwa na Serikali waliokuwa kazini katika wodi za Kanisa. Mazungumzo hayo yalipaswa kuanza kabla ya jengo jipya kufunguliwa, na wilayani, si wizarani.